Kinyonga wa Pembe Saba

Paukwa?
Pakawa!
Wa mbali?
Asogee!
Mwenye usingizi?
Anawe uso!

Hapo kale palikuwa na Jumbe Kilindo, mpenda vitu adimu. Alikuwa na kwato la nyati mweupe. Alikuwa na yai la ndege asiyetua. Alikuwa na jino la mamba aliyezeeka hadi akasahau kuuma. Alikosa kimoja tu: Kinyonga wa Pembe Saba.

Kinyonga huyo alifinyangwa na akina mama wa bondeni, akakaushwa juani, hakuchomwa. Kila msichana alifundishwa hadithi yake, pembe kwa pembe. Siku alipoisimulia bila kukosea, alimvunja kinyonga na kuurudisha udongo mtoni. Wakafinyangwa wengi, asibaki hata mmoja. Watu wa mbali walinong'ona, "Kinyonga yule husema!"

Jumbe akamwendea Bibi Somoe, mfinyanzi mkuu.

"Nipe kinyonga mzima. Ukininyima, naziba ukingo wa mto mnapochimba udongo. Nguzo za uzio nimeshakata."

"Chukua, Jumbe wangu. Na hadithi yake?"

"Hadithi ya nini, mama? Mimi nataka kitu!"

Jumbe akamweka kinyonga juu ya rafu nyumbani kwake. Akaja mgeni wa kwanza. Kinyonga akaimba:

"Mwenye kunishika, nitaje!
Pembe ya kwanza ya nini?"

Jumbe akakohoa.

Akaja mgeni wa pili. Kinyonga akaimba:

"Mwenye kunishika, nitaje!
Pembe ya kwanza ya nini?"

Jumbe akaagiza uji.

Akaja wa tatu, Jumbe wa ng'ambo ya mto, mtani wake. Kinyonga akaimba tena. Mtani akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Ndugu yangu, umefuga mwalimu wako mwenyewe!"

Jumbe akambeba kinyonga mbiombio hadi bondeni.

"Bibi Somoe, ananiaibisha!"

"Keti. Pale, kati ya wasichana. Kunja miguu, wewe si mgeni wa harusi."

Akaketi siku sita. Pembe ya kwanza ni ya bibi aliyevusha moto mafurikoni, ndani ya chungu, juu ya kichwa. Ya pili, ya tatu, hadi ya sita: zote za waliotutangulia, na kila moja ilimnyoosha mgongo.

Siku ya saba akauliza, "Na hii ya mwisho?"

"Hiyo ni ya msimuliaji. Sema lako, la kweli."

Jumbe akasema, "Nilitaka kuwafungia mama zangu udongo. Leo nimeona haya."

Vigelegele!

"Sasa mvunje," akasema Bibi Somoe.

Jumbe akamkumbatia kinyonga. "Duniani yuko mmoja tu!"

Kinyonga akasema, "Nimevunjwa mara elfu, Jumbe, na mimi huyu hapa."

Akamvunja. Akaurudisha udongo mtoni kwa mikono yake. Zile nguzo za uzio zikawa kuni za kuchomea vyungu.

Mtani akaja tena, akakuta rafu tupu. Jumbe akasimulia, wali ukapoa, hakuna aliyekumbuka kunawa.

"Ndugu yangu," mtani akasema, "nitampata wapi kinyonga huyo?"

Jumbe akatandika mkeka. "Keti. Kunja miguu. Pembe ya kwanza…"

Basi, wenzangu, chetu cha thamani hubaki kwa anayejua kukisimulia. Akijua, hata rafu tupu humtosha kujivunia.

Mimi nilikuwepo, nina tope kwenye kucha hadi leo. Asiyeamini na anuse! Hadithi nimeitua, mwenye mabega aibebe.