Tanuri la Nanzia Mwisho wa Anga

Zamani, taa za mbali kabisa, zile zilizo nyuma ya nyota zote, ziliwaka bila kupungua wala kuzidi. Kila moja ilikuwa tanuri la kuyeyushia chuma, na katikati yake palikuwa na shimo lisiloshiba. Mungu alimkabidhi tanuri moja Nanzia, binti wa ukoo wa wahunzi, akamwagiza alilishe sawasawa.

Nanzia akamwaga kapu baada ya kapu la makaa na mawe ya chuma, akavukuta kwa mwendo uleule, akijivunia mkono wake usiotetereka. Sasa, desturi ya wahunzi ilikataza kumwamkia mtu tanuri lake likiwaka. Basi mama yake, Namkunda, alibaki huku duniani akiutazama mwanga bila kuita. Mtoni wenzake walimtania.

"Mama Nanzia, moto huo unajiwakia wenyewe. Unatazama jiko lisilo na mpishi."

Alicheka nao, ila usiku alitoka uani kuutazama tena ule mwanga.

Siku moja Nanzia akatamani kujua lile shimo linaishia wapi. Akaacha mvukuto, akainama kuchungulia. Moto ukafifia, ukawa mwekundu. Aliposhtuka alimwaga makapu yote kwa mpigo. Mwanga ukapanda, ukawa wa samawati, na rangi zilizokuwa zimepotea zikarudi. Baadaye hata mawingu yaliyolizunguka tanuri yakang'aa, kana kwamba habari ilichelewa kuyafikia.

Mungu alipokuja, Nanzia hakutafuta kisingizio. Alikiri kwamba udadisi ulimtoa kazini, akapiga magoti kungoja kufukuzwa. Mungu akamwuliza kwanza Namkunda, maana ndiye aliyekuwa akitazama.

"Ee Mola, usimwondoe," mama alisema. "Moto ulipowaka sawasawa nilidhani nimeshafiwa. Ulipoyumba ndipo nikajua mwanangu yupo."

Mungu akamrudishia Nanzia mvukuto, na agizo la kulisha sawasawa akalifuta kwa matanuri yote.

Na tangu siku hiyo taa zile, ambazo wasomi huziita kwasari, hupanda na kushuka, na rangi zake hubadilika, pengine kwa siku chache, pengine kwa miaka. Nasikia mwanga wake husafiri mno hata tunaouona leo ni wa kale sana. Mimi sikusoma mbali, na macho yangu hayafiki huko. Ukimpata mwenye darubini, nakuomba uniite, nami niuone moto wa Nanzia ukiyumba.