Fisi Aliyesubiri Maji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani juu ya mkoche?

Kindi na wanawe!

Na chini?

Fisi na tumbo lake!

Haya, tegeni masikio, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Bi Kindi alishuka kuokota makoche. Hajajaza hata shavu moja, pu! Fisi akamkanyaga mkia. Aliogopa, siwafichi. Wanawe kule juu walikuwa hawajafumbua macho. Akiliwa yeye, nao basi tena.

"Nakumeza sasa hivi," akasema Fisi.

"Mbichi, bwana mkubwa? Mtu mzima kama wewe? Nipike mchuzi! Tuma watu kwa pamoja: huyu maji, huyu chumvi, huyu pilipili. Kila mmoja mfunge uzi kiunoni, wewe shika ncha. Uzi ukikaza, yuko kazini. Ukilegea, amerudi."

Fisi kusikia mchuzi, mate cho, cho, cho. Akawaita jirani zake, Nungu na Nguchiro, nao walimwogopa. Nungu akatumwa chumvi, Nguchiro pilipili.

"Maji nitachota mimi," akasema Bi Kindi. "Kisima nakijua."

"Utanikimbia!"

"Na uzi unao wewe? Ila usisahau, bwana, chungu hakianzi na chumvi. Pokea maji kwanza."

"Unanifundisha kupika?" Fisi akafoka. "Maji kwanza, najua tangu utoto!"

Wakatoka wote kwa pamoja, vyuu! Nyuma ya kichaka Bi Kindi akauzungusha uzi kwenye mgunga, akapiga fundo, kisha akautafuna ule wa kiunoni, kacha! Akapitia matawini mpaka kwa wanawe, akawanyonyesha huku moyo bado ukimdunda.

Fisi akavuta uzi wa maji. Umekaza.

"Bado anachota."

Uzi wa chumvi ukalegea. "Nimerudi, bwana, pokea!"

"Maji kwanza!"

Akavuta. Umekaza.

Uzi wa pilipili ukalegea. "Nimerudi, bwana, pokea!"

"Maji kwanza!"

Akavuta. Umekaza.

Mvua ikashuka, chwaa! Chumvi ikayeyuka mikononi mwa Nungu. Ndege wakadonoa pilipili za Nguchiro, du! du! du!

"Bwana," akasema Nungu, "chungu kimejaa maji ya mvua."

"Sikutuma mvua, nimemtuma Kindi!"

Nungu na Nguchiro wakatazamana, wakajifungua nyuzi, wakaenda zao. Fisi akabaki peke yake, anavuta, anavuta, mpaka kiuno kikamshuka. Mtazameni leo mgongo wake.

Kutoka juu ya mkoche Bi Kindi akaita, "Vumilia, bwana! Mvumilivu hula mbivu!"

"Ahsante, mama!" akajibu Fisi, na kweli alishukuru.

Ngano yangu nimeifunga fundo. Mwenye kuivuta aivute. Na funzo lake, wanangu, ni subira. Hakuna aliyesubiri kumshinda Fisi. Basi mwigeni, na chakula cha leo niachieni mimi.