Glasi ya Marehemu

Siku ya tatu baada ya kombora kuanguka, jengo namba tisa la Mtaa wa Wahunzi lilikuwa limebaki nusu. Upande wa kushoto ulikuwa rundo la matofali na vumbi. Upande wa kulia ngazi zilikuwa bado zimesimama, na kwenye ghorofa ya pili uliweza kuona jiko la mtu, sufuria juu yake, na kalenda ya Novemba ikipepea ukutani kama mkono unaokuita. Wapita njia walikuwa wakigeuza nyuso.

Myroslava hakugeuza. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha majina ya waliokufa. Kundi la simu la mtaa lilikuwa limeshatangaza maiti thelathini na moja. Manispaa ilisema kumi na mbili. Daftari lake lilikuwa na kumi na moja.

"Kwenye simu watu wanakufa upesi kuliko kwa kombora," alizoea kusema. "Juzi wameniua na mimi. Nikawajibu asanteni, ila supu yangu nitaipika mwenyewe."

Jina la kumi na mbili lilikuwa la Bibi Paraska, wa mlango namba thelathini na saba. Kapteni Zinoviy, mkuu wa waokoaji, alikuwa akimsubiri chini na karatasi mkononi.

"Mama, amebaki huyu tu. Ukimthibitisha, saa tisa naziangusha ngazi zile kabla hazijamwangukia mtu. Usipomthibitisha, vijana wangu wataendelea kuhatarisha roho zao kwa ajili ya koti."

Kweli, kilichotambuliwa kilikuwa koti. Maiti ya mwanamke ilitolewa kwenye kifusi ikiwa haina uso wa kutazamwa, lakini ilikuwa imevaa koti la kijani la Bibi Paraska, lenye kola ya manyoya. Mwanawe wa pekee alikuwa mstari wa mbele, hapatikani. Aliyelitambua koti alikuwa jirani yake, Bibi Kharytia.

"Na kule chini, kwenye stoo za viazi?" Myroslava aliuliza.

"Kifusi kimeziba, hatukufika mwisho. Tumezima mashine mara tatu, tukaita, tukanyamaza dakika nzima kila mara. Hakuna hata kikohozi."

Myroslava akapanda ngazi na Bibi Kharytia, wakinyata kama wezi. Ndani ya nyumba ya Bibi Paraska, kioo cha kujitazamia kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe, kama tufanyavyo nyumba inapofiwa. Mezani palikuwa na glasi, na juu yake kipande cha mkate mweusi, ili roho ipate cha kunywa na kula kwa siku arobaini.

Glasi ilikuwa tupu. Mkate ulikuwa umemegwa.

"Umeona, mwanangu?" Bibi Kharytia alinong'ona. "Asubuhi najaza pomoni. Nikirudi, imekauka. Roho inakunywa! Unataka ushahidi gani tena?" Akajaza glasi upya kutoka kwenye chupa yake ya maji, machozi yakimtoka na kicheko kikimponyoka. "Paraska hakuwahi kuacha chakula mezani. Hata kifo hakijamkata hamu."

Shuka likatikisika, ingawa upepo ulikuwa umetulia. Wakati huohuo king'ora kikalia. Nje mashine ya kuchimba ikazimwa, na watu wakakimbilia handaki.

"Twende! Au unataka na wewe uwekewe glasi?"

Lakini Myroslava alikuwa ameinamia meza. Kwenye ukingo wa glasi palikuwa na alama nyekundu yenye umbo la mdomo wa chini. Akainusa. Ilikuwa bitiruti ya siki. Roho gani hii inayokula achari?

"Tangulia, bibi," akasema. "Nakuja."

Akapiga moyo konde, akakaa pembeni. King'ora kilipokoma, kimya kikajaa nyumba nzima. Kisha hatua zikasikika kwenye ngazi. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili ukaburutwa. Harufu ya udongo ikatangulia kuingia. Mlangoni kikasimama kiumbe cheupe kwa vumbi toka nywele hadi vidole, macho yamezama kama matundu. Hakikumtazama. Kilikwenda moja kwa moja mezani, kikaondoa mkate, kikanywa.

"Bibi Paraska?"

Kikaendelea kunywa.

"Bibi Paraska!"

Kiumbe hakikushtuka hata kidogo. Kilipogeuka na kumwona, ndipo kilipopiga ukelele.

"Mama yangu! Wewe ni maiti?"

Myroslava akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Masikioni mwake damu ilikuwa imekauka. Kishindo cha kombora kilimkuta akichukua viazi chini, kikamziba masikio. Mtetemo wa mashine alidhani ni mabomu.

"Ardhi ikitetemeka najificha stoo na achari zangu," bibi alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Ikitulia sana, napenya kwenye tundu lililobaki chini ya ngazi, napanda. Ni nani huyu mwema anayeniwekea maji?"

Myroslava akaandika kwenye daftari: *Koti lako liko wapi?*

Bibi akasoma kwa shida. "Nilimpa Olimpiada, yule mkimbizi aliyekuja kupanga chumba wiki jana. Alikuwa akienda dukani na kisweta tu. Mwambie asihangaike kulirudisha leo, baridi kali."

Waliposhuka, Kapteni Zinoviy alivua kofia yake ya chuma. Bibi Kharytia akapiga ishara ya msalaba mara tatu, kisha akamrukia shoga yake shingoni. "Ibilisi wewe! Nimekulilia siku tatu!"

"Basi wa kumi na mbili niandike Olimpiada?" kapteni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Koti limeshatudanganya mara moja," Myroslava akamjibu. "Tumtafute ndugu yake kwanza."

Dada wa Olimpiada alifika kesho yake kutoka mji wa Poltava, akaonyesha kovu kwenye mkono wa marehemu. Alipomaliza kulia, Myroslava akamuuliza jina kamili, akaliandika polepole, herufi kwa herufi. Kundi la simu, koti na hata glasi vilimwambia neno moja, na kama angelifuata, saa tisa ile angemzika mtu angali hai. Akili ya kuambiwa, changanya na yako.