Mstari wa Kijani wa Tumpale

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, watu walipokuwa wameshazoea kutumiana hela kwa simu lakini hawajazoea kumiliki kampuni, aliishi Tukuyu dada mmoja jina lake Tumpale. Tumpale alitengeneza sanduku la kupozea maziwa.

Lisikilizeni vizuri sanduku hili, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu walikosana. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, lakini gari la kiwanda huja asubuhi tu. Maziwa ya jioni yakilala yanachacha, na yakichacha yanamwagwa kwenye migomba. Sanduku la Tumpale liliyalaza maziwa ya jioni, nayo yakaamka mazima.

Lilikuwa moja tu, uani kwa mama yake. Wafugaji walitaka mengi. Benki ikamwambia, "Lete hati ya kiwanja." Kiwanja hakuwa nacho. Ndipo akaenda kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambako kampuni changa huuza hisa zake kwa watu wengi, kila mtu kwa uwezo wake. Msimamizi wa jukwaa, Bi Zubeda, akamweleza kwa simu, polepole.

"Dada, hii si michango ya harusi. Anayeweka hela hapa ananunua kipande cha kampuni yako. Ukipata, naye anapata. Ukianguka, hela yake imekwenda."

"Nimeelewa."

"Unataja kiasi unachohitaji na siku ya mwisho. Hela zinakaa benki. Wewe huzigusi, mimi sizigusi. Zikitimia, unapewa. Zikipungua hata kidogo, kila mtu anarudishiwa yake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na mnunuzi anaweza kughairi mpaka saa sita mchana siku ya mwisho. Ni haki yake, haulizwi sababu."

Tumpale akauliza tena, akajibiwa vilevile. Akauliza tena, akajibiwa vilevile.

Ukurasa wake ukafunguliwa. Juu palikuwa na mstari mweupe, ambao hujaa rangi ya kijani kadiri watu wanavyonunua. Chini yake yaliandikwa majina ya wanunuzi waliokubali kuonekana. Tumpale akautazama mstari: mweupe. Akaenda kukamua, akarudi, akautazama mstari: mweupe. Watu walifungua ukurasa, wakaona hakuna aliyenunua, wakafunga. Kila mmoja alikuwa akimsubiri wa kwanza.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Wiki moja kabla yake, shangazi yake akaja. Mji mzima ulimwita Mama Bupe, kwa jina la bintiye, na hapakuwa na kamati ya harusi ambayo hakuwa mwenyekiti wake.

"Mwanangu, unajua kwa nini kikao cha harusi hakianzi mpaka nifike?"

"Si wewe ndiye mwenyekiti, shangazi?"

"Kwa sababu ahadi ya kwanza ikiwa ndogo, wageni watakula maharage. Wa kwanza lazima awatingishe wenzake. Baadaye asipomalizia, nani anakumbuka? Pilau limeshaliwa."

"Lakini huku hela inatolewa kweli, shangazi."

"Na inarudi kweli. Si uliniambia mtu anaweza kughairi mpaka saa sita?"

Tumpale akainuka, akachukua ndoo. "Sitaki kujua zaidi."

"Basi usijue, mwaya."

Kumbukeni hapo. Tutaparudia.

Shangazi alikuwa na ada ya chuo ya Bupe, ambayo ilitakiwa ilipwe wiki ya baada ya Ijumaa hiyo. Akaiweka yote, akahakikisha jina lake linaonekana. Sehemu moja kati ya tano za mstari ikawa kijani.

Wa kwanza kuona alikuwa Ambokile, mkusanyaji wa maziwa, ambaye pikipiki yake ilijulikana kwa mlio kabla haijaonekana. Akatuma sauti kwenye kundi la wafugaji: "Jamani, Mama Bupe ameweka hela! Mama Bupe yule anayehesabu vijiko vya sukari kwenye chai ya mgeni! Kama yeye kaweka, mimi nani?" Akanunua.

Kundi likacheka, likanunua. Mwalimu mmoja akanunua. Wauza chai wakanunua kwa pamoja. Mstari ukasogea, ukasogea, na Alhamisi ukagusa mwisho. Tumpale akatapika kwa furaha, au kwa woga, mwenyewe hakujua.

Ijumaa asubuhi shangazi akautazama mstari uliojaa. Akajiambia, "Siku ya mwisho watu hukimbilia. Pengo langu litazibwa kabla ya saa kumi." Akaghairi.

Mstari ukarudi nyuma mbele ya macho ya kila mtu.

Ambokile alikuwa akiutazama kila aliposimama kupima maziwa. Akatuma sauti ya pili: "Jamani, jina la Mama Bupe halipo tena. Sisemi mtoe, sisemi msitoe. Nasema nilichokiona."

Kundi likawaka moto.

"Shangazi wa damu katoa?"

"Kuna kitu anakijua!"

"Mimi siwi wa mwisho kwenye nyumba inayoungua."

Mwalimu akaghairi. Nusu ya wauza chai wakaghairi. Ambokile hakughairi. Tumpale akampigia Bi Zubeda.

"Waambie sanduku linafanya kazi!"

"Siruhusiwi kumwambia mtu anunue wala asinunue."

"Ulijua yule ni shangazi yangu?"

"Nilijua. Niliona pia ameweka kwa mkupuo. Nilijiuliza. Lakini kanuni hainipi nafasi ya kumuuliza mtu nia yake."

Saa sita mlango wa kughairi ukafungwa. Wa kununua ulikuwa bado wazi, na shangazi akaja mbio katika mvua, khanga imemganda mwilini.

"Mwanangu, nirudishie jina langu pale! Nanunua tena!"

"Kwa hela ipi, shangazi?"

Hela yake ilikuwa njiani kutoka benki, ingefika Jumatatu. Akakopa kwa jirani, akakopa kwa mwenye duka, akanunua kwa alichopata. Mstari ukasogea. Wauza chai wawili wakaona haya, wakarudi. Mstari ukasogea. Saa kumi ilipofika, palibaki pengo jembamba kama ukucha.

Hata kidogo, Bi Zubeda alikuwa amesema. Kila mtu akarudishiwa yake. Jioni ile maziwa yalimwagwa kwenye migomba kama jana yake, na mbwa wakayalamba.

Wiki iliyofuata wakakutana uani, kando ya sanduku lililokuwa likinguruma taratibu, Bi Zubeda akiwa kwenye simu iliyofunguliwa sauti.

"Tumpale, utaruhusiwa kujaribu mara moja zaidi," alisema. "Lakini wanunuzi lazima waambiwe kwa nini mara ya kwanza ilianguka. Waambie wewe mwenyewe, kwenye video. Ukificha, naufunga ukurasa."

Shangazi akaruka. "Usinitaje! Bila mimi mstari ungekuwa mweupe mpaka leo. Nilitumia haki niliyopewa, na Bupe sasa yuko darasani."

Ambokile akasema, "Mimi nilisema kweli mara mbili. Mara ya kwanza mlinishangilia. Na hela yangu sikuitoa."

"Mdomo wako ndio uliotoa za wenzako!" shangazi akamrudi.

Bi Zubeda akasema, "Mimi ni mlinzi wa mlango. Ningezuia watu kughairi, nani angethubutu kuingia? Ningeficha mstari, nani angetuamini?"

Shangazi akamgeukia Tumpale. "Na wewe?"

"Mimi sikujua."

"Ulikataa kujua. Hayo ni mawili."

Tumpale akaegemeza simu ya mama yake juu ya ndoo, akakaa mbele yake. Akimtaja shangazi, nani atamkalisha tena mbele ya kikao? Akimtaja Ambokile, nani atambebea maziwa? Akilitaja jukwaa, mlango mwingine hana. Akijitaja mwenyewe, nani atanunua kipande cha kampuni ya mtu anayefumba macho?

Langoni, wanawake wameshaanza kufika na ndoo za maziwa ya jioni. Sanduku ni moja, nalo limejaa. Kidole cha Tumpale kiko juu ya kitufe chekundu cha kurekodi.

Nyinyi mmesikia yote, tena kwa mpangilio. Je, nani aliuangusha mstari, na Tumpale akibonyeza, atamke jina la nani?