Gurudumu la Bi Atwitye na Sufu ya Tunginile

Mwenye gurudumu na mwenye sufu, uzi ni mmoja. Methali hiyo mmeisikia asubuhi nilipowaamua Neema na wifi yake, mkataka kujua imetoka wapi. Basi ilizaliwa hivi.

Huko juu milimani Makete, ambako baridi ya mwezi wa sita huingia mpaka mfupani, aliolewa binti mmoja aitwaye Tunginile. Alikuja na kondoo wa kwao, akawaringia haswa. Mama mkwe wake, Bi Atwitye, alikuwa na gurudumu la kusokotea uzi. Desturi yao ilikuwa kwamba uzi wa blanketi la mjukuu wa kwanza husokotwa na wawili hao: mama mkwe huzungusha gurudumu, mkwewe huvuta sufu.

Tunginile alipokuwa mjamzito, Bi Atwitye aliishika ile sufu mbele ya wageni, akasema haikuoshwa, inanuka zizi. Tunginile aliumia sana. Akalifungia gunia la sufu chumbani kwake, kondoo si wake? Bi Atwitye naye akavua kamba ya gurudumu, akaificha. Wakaishi ua mmoja wakisalimiana shingo upande, kila mmoja akingoja kuombwa radhi. Mume akiulizwa, alichukua jembe akaenda shambani.

Mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, ukungu umetanda mpaka mlangoni. Akiwekwa kifuani mwa mama yake hupata joto. Akilazwa tu, miguu inapoa. Kanga hazikutosha. Tunginile akajaribu kumzungushia sufu yenyewe, ikatawanyika kila mtoto alipojinyoosha. Hapo akaogopa kweli, akamlilia mwanawe kama aliyekwisha kumpoteza. Kisha akambeba kifuani, akalikokota gunia mpaka nyumba ya pili.

Alimkuta Bi Atwitye ameketi kwenye gurudumu, kamba amekwisha kuirudisha, hana cha kusokota.

“Mama,” Tunginile alisema, “sufu bado ni chafu.”

Bi Atwitye alimtazama mtoto. “Mdomo wangu ndio mchafu zaidi, mwanangu. Keti tusokote.”

Wakasokota, wakafuma. Blanketi lilitoka na mafundo, likanuka zizi vilevile, lakini mtoto alilala chini yake akapata joto, na akapona.

Siku ya kumtoa mtoto nje, ndugu wa pande zote mbili walikuja kupongeza. Wa upande wa mume wakasema gurudumu lao ndilo lililomwokoa mtoto. Wa upande wa Tunginile wakasema bila kondoo wao, gurudumu lingesokota upepo. Sauti zikaanza kupanda. Tunginile akalivua blanketi mgongoni, akawanyoshea.

“Haya, ndugu zangu. Chomoeni sehemu ya gurudumu, mniachie ya sufu.”

Waliligeuza huku na huku, wasione pa kuchomoa. Bi Atwitye akalichukua, akamfunika mjukuu wake, akasema: “Mwenye gurudumu na mwenye sufu, uzi ni mmoja.”