Sultani Aliyepiga Marufuku Bambo

Hapo zamani, miji saba ilikuwa na mapatano ya chakula. Kila gunia lilichomwa bambo, kile chuma chenye mvungu kinachochota nafaka toka katikati ya gunia, na likionekana halina fukusi wala ukungu, lilipigwa muhuri likapita malango yote. Basi siku moja mtama wa Sultani Shangama wa Kitopeni, mmoja wa miji hiyo, ukachomwa bambo, wakatoka fukusi wa kutosha kuanzisha mji wao. Sultani, badala ya kuona haya, akaona ametukanwa.

"Tunajitoa!" akanguruma. "Tangu leo, atakayekagua chakula katika nchi yangu, kichwa chake si chake."

Mawaziri wakapiga makofi, maana ndiyo kazi waliyoijua. Ikawa unga mbovu wa kila nchi ukamiminika Kitopeni, na mtama safi wa wakulima ukarudishwa na majirani kwa kukosa muhuri. Chande, mchukuzi asiye na mbele wala nyuma, akakosa mizigo, akasema sokoni kwamba Sultani amewafungia njaa ndani. Akakamatwa.

"Unajua kusema," Sultani akamwambia. "Basi pitisha magunia yangu mia kwenye lango la jirani kabla ya Ijumaa, bila bambo. Ukishindwa, utakatwa kichwa."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu. Ila jirani ataniuliza kama wewe mwenyewe unakula bila kukagua. Niruhusu nikushuhudie ukila, nipate kumwapia."

Sinia likaletwa, mikate ya moto. Mwonjaji wa Sultani akamega kipande kama ilivyo ada. Chande akamdaka mkono, akapiga kelele, "Askari! Huyu anakagua chakula!"

"Mwache!" akafoka Sultani. "Yeye huonja nisije nikafa!"

"Utakufaje, bwana wangu, kwa unga uliopita lango lako mwenyewe?"

Mwonjaji akarudi nyuma, shingo ameishika. Sultani akanyoosha mkono, akaurudisha, akanyoosha tena. Njaa ilimuuma, lakini hofu ilimuuma zaidi. Mwishowe akausukuma mkate kwa Chande. "Kula wewe!"

"Sisi twaula mwezi wa pili sasa," akajibu Chande. "Jana tumezika watu wanne."

Barazani hakuna aliyecheka. Sultani akainamisha uso kwa aibu, akaandika waraka wa kuomba kurudi kwenye mapatano. Miji sita ikamkubalia kwa sharti moja: magunia yake yakaguliwe na Chande hadharani, na Sultani mwenyewe ndiye ayashike yasianguke. Akayashika yote mia, jasho likimtoka na vumbi la mtama likimjaa ndevuni.