Waliokimbiana Kwenye Foleni ya Kipimo

Wapendwa, leo sianzi na salamu ndefu. Nina habari ya mtu mmoja, na nikiichelewesha nitaikimbia, maana nimeshaikimbia mara nyingi.

Alikuwa fundi baiskeli, na pia mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa milimani. Jumatatu mpaka Jumamosi mikono imejaa grisi. Jumapili anashika daftari lake la nota, anainua kidole, sauti nne zinaingia pamoja. Mnawajua walimu wa namna hiyo. Ukikosea nota moja anakutazama mpaka unatamani kuingia chini ya benchi.

Mtu huyo akaanza kuchoka ovyo, nyama hazikai mwilini. Akapimwa, akakutwa na homa ya ini, aina ya C. Aliipata wapi? Hajui. Pengine sindano ya utotoni, pengine wembe wa kuchanjia uliozunguka ukoo mzima. Akapewa vidonge vya miezi mitatu, akavimeza bila kuruka hata siku moja. Akapima tena. Kirusi hakipo!

Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda. Jamani, kanisa lilitikisika! Akina mama walipiga vigelegele mpaka watoto waliolala wakaamka wanalia. Mchungaji wake akamshika mkono, akauinua juu, akasema, "Mmemwona? Huyu hatarudi tena kwenye yale mabenchi ya hospitali!" Watu wakaitika amina hadi wapita njia wakasimama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku alipopewa majibu yake, daktari alimwambia neno lingine, na neno hilo hakulitia kwenye ushuhuda. Daktari yule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Mwalimu, kirusi kimeondoka. Lakini kilikaa kwenye ini lako miaka mingi, na ini lina makovu. Uje kila miezi sita tulipige picha."

"Nije kufanya nini, daktari, na umesema nimepona?"

Daktari akaliona daftari la kwaya kwapani mwake. "Hebu nipe hilo. Kila seli ya ini lako ina daftari lake la maagizo. Lini ikue, lini iache. Kirusi hakikufuta neno hata moja humo. Kilichofanya ni kugandisha baadhi ya kurasa. Ukurasa unaosema 'inatosha, acha kuongezeka' umegandana na mwenzake, haufunguki. Maneno yamo, ila seli haiyasomi. Sasa seli isiyosoma 'inatosha' itafanya nini?"

"Itaendelea."

"Itaendelea tu. Saratani ya ini huanza hivyo. Na huyo aliyegandisha kurasa, hata ukimfukuza, gundi yake inaweza kubaki. Kwako pengine haitatokea kabisa. Lakini ikitokea, nataka niikute ni punje ya harage, nisiikute imekuwa kiazi."

Akaandikiwa tarehe kwenye kadi. Tarehe ikafika. Hakwenda. Kwa nini hakwenda? Niambieni ninyi! Wewe uliyesimama mbele ya kanisa zima ukasema umepona, utaonekanaje umeketi nje ya chumba cha picha, na mke wa mzee wa kanisa anapita na kikapu chake? Kabla jua halijazama kwaya nzima inajua.

Mkewe akamwambia, "Baba Sekela, kadi inasema jana."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Sasa unataka nimfanye Mungu mwongo?"

"Kadi hii si ya kumpima Mungu, baba. Ni ya kupima ini lako. Na mimi namtaka mwenye hilo ini."

Mwanaume akarudi kwenye baiskeli zake. Mkewe yeye hakunyamaza. Mnawajua wanawake wanaoomba huku wanasukuma? Alisukuma mwaka na nusu, tarehe tatu zikapita, mpaka mume akasalimu amri kwa sharti moja: ataenda hospitali ya mkoa wa jirani, mahali asipojulikana.

Akadamka, akavaa koti la kuazima, akasafiri saa tano. Akachukua namba, akaketi benchi la mwisho. Kila mlango ukifunguka anainamisha kichwa. Karatasi ya namba imelowa jasho mkononi. Aliogopa picha, ndiyo, lakini wapendwa, aliogopa zaidi kuonwa.

Mbele yake kidogo aliketi mwanaume amevaa kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na joto lile! Nesi akaita namba. Yule wa kofia akasimama, faili likamponyoka, akainama kuliokota, akageuka. Wakatazamana.

Alikuwa mchungaji wake.

Mnacheka? Chekeni, nawapa nusu dakika. Mchungaji naye alikuwa na homa ya ini, aina ya B, ile ambayo kwa kawaida haitoki bali hutulizwa kwa dawa ya kila siku. Naye ilikuwa zamu yake ya kupigwa picha. Naye alikuwa amesafiri saa tano kwenda asikojulikana.

Hakuna aliyesema "Bwana asifiwe". Mchungaji akaiacha zamu yake, akapita mlango wa maabara. Mwalimu akapita mlango wa getini. Kila mmoja alikimbia akiamini yeye ndiye aliyefumaniwa.

Mmoja wao alirudi wiki iliyofuata. Wa pili alirudi baada ya miezi minane, amebebwa.

Yule aliyerudi wiki iliyofuata ndiye huyu mnayemtazama.

Naam. Kicheko kimekwisha, na kimya chenu nakistahili. Ule ulikuwa usharika wangu kabla sijaletwa kwenu. Aliyeuinua ule mkono ni mimi. Aliyesema hatarudi kwenye mabenchi ya hospitali ni mimi, na siku ile mfukoni mwangu nilikuwa na kadi yangu mwenyewe.

Kwa mwalimu, harage lilikuwa limeshakuwa kiazi. Daktari alisema kama wangelipata siku ile tuliyokimbiana, pengine lingekatwa. Nilimzika kwa mikono hii. Kwaya ilijaribu kuimba, ikashindwa kuingia pamoja, ikaacha katikati ya ubeti.

Baada ya matanga mjane wake akanijia. "Mchungaji, naomba kuuliza. Siku ile ulimkasirikia sana?"

"Siku ipi, mama?"

"Aliniambia mlikutana hospitali, ukaondoka bila salamu. Alisema, 'Mchungaji ameona aibu kwa ajili yangu. Mimi siendi tena.'"

Nilikuwa na majibu mengi ya kichungaji. Mungu akanisaidia nikayameza. Nikamwambia, "Mama Sekela, sikumkasirikia. Nilikuwa namkimbia. Mimi pia nilikuwa kwenye foleni ile ile."

Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Akasema, "Kumbe mngengojeana tu."

Mngengojeana tu! Wapendwa, neno hilo limekaa kifuani mwangu mwaka wa nne sasa.

Sisi ni watu wa namna gani? Kushangilia aliyepona tunajua sana. Kumsindikiza kwenda kukaguliwa, hapo hatumo. Umeacha pombe, haleluya, lakini ule ukali uliokaa nayo miaka ishirini, umeondoka nayo? Muulize mkeo, usiniulize mimi. Umesamehewa uongo wako, vizuri, na mwanao aliyejifunza kusema uongo kwa kukutazama, nani anamfungua? Tunamfukuza mgeni mbaya, tunachinja kuku, tunalala. Hakuna anayezunguka nyumba kuona ameacha nini. Na jirani akithubutu kuzunguka yake, tunasema huyo hana imani. Mtu akiogopa kipimo kwa sababu yetu, damu yake tutaisemea nini?

Mke wangu na watoto wangu wamepimwa na kuchanjwa. Kwenu nimekuja na kadi yangu, na nilikuwa naendelea kuificha. Leo basi.

Jumanne ni tarehe yangu. Naenda hospitali yetu hiihii, hapa mjini, saa mbili asubuhi, na nitaketi benchi la mbele. Kama nawe unayo tarehe uliyoificha, sitakuuliza ni ya ugonjwa gani. Ila ukiniona pale, nisalimie.